Chupa ya sheri iliyosahauliwa kabatini: Je, ni hazina au ni siki?

WAHENGA walituachia methali mbili ambazo zikikutanishwa hazipatani. Moja yasema mvumilivu hula mbivu. Ya pili yaonya kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Kila mtu huchagua ile inayomfaa kwa wakati wake, na mara nyingi hajui kama amechagua vyema hadi mambo yamekwisha kutokea.

Methali hizo hugombana pia katika kabati za nyumba nyingi, pale zinapowekwa chupa zilizoletwa kama zawadi. Chupa ya sheri ni mojawapo. Mgeni huileta wakati wa Krismasi au harusi, ikashangiliwa, ikawekwa nyuma ya sahani za wageni, na huko ikasahauliwa. Miaka kumi au ishirini baadaye mwenye nyumba anapopanga upya kabati, anaikuta imejaa vumbi. Je, aifungue? Aimwage? Au aiache iendelee kukaa, kwa imani kwamba mvinyo wowote kadiri unavyozeeka ndivyo unavyozidi kuwa mzuri?

Swali hilo limewagawanya hata wale wanaoishi kwa kutengeneza na kuuza kinywaji chenyewe, hasa inapokuwa ni sheri kavu, yaani isiyo na sukari. Makala haya yanaeleza chanzo cha mgawanyiko huo, na jinsi mtu mzima anavyoweza kujiamulia mwenyewe kwa macho, pua na ulimi wake. Kwa wasomaji wasiotumia kileo kwa sababu ya dini, afya au hiari yao, na kwa wanafunzi ambao hawajafikisha umri unaoruhusiwa na sheria, humu mna historia, jiografia na kemia ya kuwafaa bila kufungua chupa yoyote.

Mji na jina lake

Sheri ni mvinyo wa zabibu nyeupe unaotoka Andalucía, kusini mwa Uhispania. Kitovu chake ni mji wa Jerez de la Frontera, pamoja na miji miwili ya karibu na bahari, Sanlúcar de Barrameda na El Puerto de Santa María. Ukiunganisha miji hiyo kwa mistari kwenye ramani utapata pembe tatu, na kwa karne nyingi humo ndimo sheri ilimokomazwa.

Waislamu kutoka Afrika Kaskazini waliingia Uhispania mwaka 711, na mji huo ukawa chini ya utawala wao hadi mfalme Alfonso wa Kumi alipoutwaa mwaka 1264. Kwa Kiarabu uliitwa Sherish. Wahispania wakaandika Xerez, baadaye Jerez, nao Waingereza walioupenda mvinyo wake wakatamka kwa namna yao. Kwa hivyo jina la kinywaji hiki lina asili ya mji uliosemwa kwa Kiarabu, sawa na maneno mengi tunayoyatumia sisi kila siku bila kufikiria yalikotoka.

Lugha yetu ina kumbukumbu nyingine za upande huo wa dunia. Neno mvinyo linatokana na vinho la Kireno, na hata pipa ni neno la Kireno. Yaliachwa pwani yetu na Wareno waliofuata njia ya Vasco da Gama, aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mwaka huo huo, Christopher Columbus aling'oa nanga Sanlúcar kuanza safari yake ya tatu ya kwenda Amerika. Bandari hiyo hiyo ndiyo iliyoaga merikebu za Ferdinand Magellan mwaka 1519.

Waingereza nao walikuwa na kiu yao. Francis Drake alipoivamia bandari ya Cádiz mwaka 1587, nyara alizorudi nazo zilikuwa pamoja na mapipa ya mvinyo wa eneo hilo yanayosemekana kufikia 2,900. Miaka michache baadaye, William Shakespeare alimpa mhusika wake mnene, Falstaff, hotuba nzima ya kuusifu mvinyo huo katika tamthilia ya Henry IV, Sehemu ya Pili. Baada ya hapo biashara ya sheri na Uingereza iliendelea, na jambo hilo lina umuhimu wake katika habari ya chupa zilizozeeka, kama tutakavyoona.

Ua linaloota juu ya mvinyo

Mizabibu ya Jerez hupandwa katika udongo mweupe kama chokaa uitwao albariza. Udongo huu hunywa mvua ya majira ya baridi na kuihifadhi, ili mizizi ipate maji wakati wa kiangazi kikali ambapo mvua ni nadra. Aina kuu ya zabibu ni Palomino.

Zabibu hukamuliwa, na maji yake huachwa yachachuke hadi hamira inapokula sukari yote au karibu yote. Hapo ndipo linapotokea neno 'kavu'. Mvinyo mkavu si ule usio na maji. Ni ule ambao sukari yake imekwisha, na katika sheri kavu hubaki chini ya gramu 5 hivi kwa lita moja. Anayetarajia utamu wa soda atashtuka.

Baadaye huongezwa spiriti iliyotokana na zabibu. Mvinyo ulio mwepesi hufikishwa kiwango cha asilimia 15 hivi ya alkoholi, na ule ulio mzito asilimia 17 au zaidi. Tofauti hiyo ya asilimia mbili ndiyo inayoamua maisha yote ya mvinyo huo.

Ule wa asilimia 15 hutiwa katika mapipa ya mbao yenye uwezo wa lita 600 hivi, lakini hayajazwi. Hutiwa lita 500 tu, na nafasi iliyobaki huachiwa hewa. Juu ya mvinyo huota utando mweupe wa hamira ambao Wahispania huuita flor, yaani ua. Utando huo ni kiumbe hai. Huukinga mvinyo na hewa, hula sehemu ya alkoholi na vitu vingine vilivyomo, na hutoa kemikali iitwayo asetaldehaidi yenye harufu inayokaribiana na tufaha bichi lililokatwa. Mvinyo unaokua chini ya utando huo huitwa fino. Ukikomazwa Sanlúcar, palipo na upepo wa bahari, huitwa manzanila.

Ule wa asilimia 17 hauwezi kuota utando, kwa kuwa hamira haivumilii ukali huo. Mvinyo hukutana na hewa ana kwa ana, hubadilika rangi kuwa kahawia na kupata harufu nzito. Huo ndio oloroso. Katikati ya hizo mbili kuna amontilado, ambayo huanza maisha chini ya utando, kisha utando hufa na mvinyo ukaendelea kukomaa ukiwa wazi kwa hewa.

Isitoshe, mapipa hupangwa kwa safu. Mvinyo wa kuuzwa hutolewa katika safu kongwe zaidi, ambayo huitwa solera, lakini hutolewa sehemu tu. Pengo lililobaki hujazwa kwa mvinyo wa safu inayofuata kwa umri, na hiyo nayo ikajazwa na iliyo changa kuliko yenyewe, hadi kufikia mvinyo mpya wa shambani. Kwa njia hiyo pipa halimalizwi, na mkongwe na mchanga huishi pamoja. Ndiyo maana sheri nyingi hazina mwaka mmoja wa kuzaliwa.

Kuzeeka kwa pipa na kuzeeka kwa chupa

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Sheri huzeeka mara mbili, na kuzeeka huko hakufanani.

Ndani ya pipa, mbao hupumua. Maji huvukizwa kidogo kidogo kila mwaka, na katika mapipa yasiyo na utando mvinyo unaobaki huzidi kuwa mzito. Katika fino, mvinyo mchanga unaoongezwa mara kwa mara huleta chakula kipya cha utando. Mvinyo una lishe, una hewa na una mlinzi.

Mara unapotiwa katika chupa, yote hayo hukoma. Utando umechujwa na kubaki nyuma. Hakuna mvinyo mpya unaoingia, na hewa ni ile ndogo iliyo chini ya kizibo pamoja na ile inayopenya polepole. Fino iliyoingia chupani ni kama mtoto aliyeachishwa kunyonya ghafla. Kwa miezi ya kwanza haina taabu. Baadaye rangi yake ya majani makavu huanza kuelekea dhahabu, harufu ya tufaha hufifia, na ule uchangamfu unaousisimua ulimi hupungua.

Kwa sababu hiyo, kanuni ya wauzaji imekuwa kwamba fino na manzanila zinywewe katika mwaka mmoja hivi tangu kutiwa chupani, na amontilado na oloroso katika miaka mitatu hivi. Mkazi yeyote wa Kilifi ataielewa kanuni hiyo haraka. Mnazi uliogemwa alfajiri ni mtamu asubuhi, mkali jioni, na ukilala siku kadhaa utaishia kuwa siki. Kwa mgema, muda ni mwizi.

Waliokataa kuharakisha

Hata hivyo, kuna waliokataa kuifuata kanuni hiyo, na ushahidi wao si wa kupuuzwa.

Wa kwanza walikuwa wafanyabiashara na matajiri wa Uingereza wa zamani. Walinunua oloroso na amontilado, nyingine zikiwa zimetiwa utamu kidogo, wakazilaza chupani miaka mingi. Waligundua kwamba mvinyo uliokuwa na utamu ulionekana kukauka polepole, ukali wa spiriti ukatulia, na harufu mpya zikazuka ambazo hazikuwepo pipani. Ladha hiyo ikawa na wapenzi wake maalumu.

Kisha pakaja mabadiliko ya mitindo. Biashara ya sheri ilifika kileleni mwishoni mwa miaka ya 1970, halafu ikaporomoka. Walaji wengi waligeukia vinywaji vingine, na sheri ikapata sifa ya kuwa kinywaji cha mabibi na mababu. Chupa zikabaki kabatini na maghalani bila mtu wa kuzifungua. Hakuna aliyekusudia kuzizeesha. Zilizeeka kwa kutopendwa. Wadadisi walipozifungua miongo kadhaa baadaye walikuta nyingine zimekufa, lakini nyingine zilikuwa hai na zenye ladha ya ajabu.

Kundi la tatu ni la Wahispania wenyewe. Mnamo 2005, Jesús Barquín, mhadhiri wa sheria ya jinai katika Chuo Kikuu cha Granada, na Eduardo Ojeda, mtaalamu wa mvinyo wa Jerez, walianzisha Equipo Navazos. Kazi yao ni kuchagua mapipa bora yaliyofichika katika maghala ya wengine, kuyatia chupani bila kuchuja sana, na kuandika kwenye karatasi ya chupa mwezi na mwaka mvinyo ulipotolewa pipani. Wametetea wazo ambalo awali wengi waliliona kama mzaha, kwamba hata fino na manzanila, zikiwa zimekomaa vya kutosha pipani, zaweza kunufaika kwa miaka chupani.

Kuchuja ndiko kiini cha ubishi. Kwa muda mrefu viwanda vilichuja fino sana ili iwe nyeupe, safi na isiyobadilika dukani. Walipoondoa uchafu waliondoa pia sehemu ya mwili wa mvinyo. Mnamo 1999 kampuni ya Barbadillo ya Sanlúcar ilianza kuuza manzanila 'en rama', maana yake iliyo karibu na hali yake ya pipani. Mwaka 2010 Gonzalez Byass ya Jerez ikafuata kwa fino yake maarufu, Tio Pepe. Ajabu ni kwamba watengenezaji walishauri mvinyo huo unywewe ndani ya miezi michache, huku baadhi ya wanunuzi wakiuficha kwa miaka!

Nani mkweli? Pande zote mbili, kwa maana hazizungumzii mvinyo mmoja. Fino nyepesi, changa na iliyochujwa sana haina akiba ya kutumia njiani. Muda utaiibia tu. Fino iliyokaa pipani miaka minane au kumi, amontilado na oloroso zina akiba. Kwazo muda unaweza kuwa mwalimu, ingawa si kila mwanafunzi hufaulu.

Isome chupa kabla ya kuifungua

Ukikutana na chupa ya kale, anza na jina la aina. Ikiwa imeandikwa fino, manzanilla, amontillado au oloroso, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni kavu, ingawa chupa za zamani za amontilado na oloroso mara nyingi zilitiwa utamu kwa ajili ya masoko ya nje. Ikiwa imeandikwa 'Cream', 'Pale Cream' au 'Medium', hiyo ilitiwa utamu na ni habari nyingine.

Tazama nchi ilikotoka. Kabla ya 1996, vinywaji vya Uingereza, Cyprus na kwingineko viliuzwa barani Ulaya vikitumia jina la sheri. Tangu mwaka huo, sheria za Jumuiya ya Ulaya zililihifadhi jina hilo kwa mvinyo wa eneo la Jerez. Chupa ya kabla ya hapo yaweza kuwa kitu kingine kabisa.

Jihadhari na tarakimu. 'Solera 1847' haina maana kwamba mvinyo una umri huo. Ni mwaka ule safu ya mapipa ilipoanzishwa. Herufi VOS na VORS, zilizoanza kutumika mwaka 2000, ndizo zenye uzito. Ya kwanza huthibitisha wastani wa umri wa zaidi ya miaka 20 na ya pili zaidi ya 30, baada ya mvinyo kukaguliwa na baraza linalosimamia sheri huko Jerez.

Lakini umri huo wote ni wa pipani. Umri wa chupani huhesabiwa kuanzia siku mvinyo ulipotiwa humo, na mara nyingi siku hiyo hufichwa katika namba ndogo inayoanza kwa herufi L. Baadhi ya viwanda huweka humo mwaka pamoja na siku ya mwaka kuanzia 1 hadi 365. Kwa hivyo mvinyo wa miaka 30 waweza kuwa na mwezi mmoja tu chupani, na fino changa ikawa na miaka 20 chupani.

Mwisho, inua chupa mbele ya mwanga. Je, mvinyo umepungua sana chini ya shingo? Kizibo kimevuja? Hizo ni dalili kwamba hewa imeingia kuliko inavyofaa. Mashapo kidogo chini si ugonjwa.

Kuonja hatua kwa hatua

Darasa bora la kuonja ni kuweka chupa mbili kandokando, moja mpya na moja ya kale, za aina moja. Bila ile mpya huna kipimo cha kuijua ile ya kale. Waalike watu wazima wanne au sita, kwa kuwa kila mmoja anahitaji vijiko vichache tu.

Isimamishe chupa ya kale siku moja au mbili kabla ili mashapo yatulie. Vuta kizibo polepole, kwani huenda kikavunjika. Vipande vikidondoka ndani, mimina kupitia kichujio safi cha chai.

Tumia gilasi iliyopanuka chini na kubanwa mdomoni, ili harufu ikusanyike. Ijaze theluthi moja tu. Vile vigilasi vidogo vinavyojazwa hadi pomoni humnyima mtu nusu ya starehe. Fino mpya inataka baridi ya friji, nyuzi 6 hadi 8 za selsiasi. Amontilado na oloroso zinataka nyuzi 12 hadi 14, yaani kama hewa ya Nairobi alfajiri ya Julai. Fino ya kale iweke katikati. Ikiwa baridi mno itanyamaza.

Kwanza, tazama. Fino mpya ina rangi ya majani makavu. Ile ya kale huwa ya dhahabu au kaharabu. Oloroso ni ya kahawia tangu mwanzo, kwa hivyo rangi pekee isikuhukumie.

Pili, nusa. Pumzi ya kwanza ya chupa ya kale mara nyingi huwa kama ya chumba kilichofungwa miaka. Usikate tamaa. Zungusha gilasi taratibu, iache nusu saa, kisha urudi. Chupa nyingine huamka kesho yake.

Tatu, ipe harufu hiyo jina kwa maneno ya nyumbani kwako. Vitabu vya wataalamu hutaja matunda na maua ambayo wengi wetu hatujayaona. Si lazima kuyakariri. Fino mpya yaweza kukukumbusha tufaha bichi, unga wa maandazi ulioumuka, lozi, au upepo wa chumvi unaokupiga ukiwa kivukoni Likoni. Ile ya kale yaweza kukuletea nta ya nyuki, njugu karanga zilizokaangwa, uyoga mkavu, au ganda la chungwa lililokaushwa juani. Oloroso huelekea kwenye jozi, ngozi, tumbaku na mbao za sanduku la kale. Wenzako wakitaja vingine, msigombane. Andikeni yote.

Nne, onja. Chukua funda dogo, lizungushe kinywani, vuta hewa kidogo kupitia midomo, kisha umeze au uteme kwenye kikombe. Waonjaji wa kazi hutema na wala si aibu. Utashangaa kwamba mvinyo ulionukia kama asali hauna utamu hata chembe. Sasa hesabu kimya kimya. Ladha inakaa kwa muda gani baada ya funda kuondoka? Fino mpya hupiga kama ndimu ikaondoka. Ya kale iliyo njema hufika polepole na haina haraka ya kuaga.

Tano, jiulize maswali matatu. Je, mvinyo huu ungali hai? Umepata nini ambacho ule mpya hauna? Na umepoteza nini? Swali hili la mwisho ndilo linalosahauliwa na wanaoabudu ukongwe. Hakuna chupa inayopata bila kupoteza. Mtu anayependa tufaha na chumvi ana haki ya kusema kwamba ile mpya ilikuwa bora, hata kama ya kale iligharimu mara kumi.

La kuvunda halina ubani

Kuna chupa zilizokwisha kufa, na heshima ya umri haizifufui. Harufu kali ya siki au gundi ni dalili mbaya. Harufu ya boksi lililonyeshewa mvua inatokana na ugonjwa wa kizibo, na haitoki hata ukingoja wiki. Mvinyo uliogeuka kahawia bila harufu wala ladha, nao umechoka tu. Huo wa mwisho waweza kumaliziwa katika mchuzi wa samaki au kuku. Ule wenye ugonjwa wa kizibo umwage.

Joto ndilo adui mkubwa. Chupa iliyokaa juu ya friji au dirishani Mombasa huzeeka mbio na vibaya, ilhali iliyokaa katika kabati lenye giza nyanda za juu ina nafasi bora. Tofauti na mvinyo mwekundu unaolazwa, sheri husimamishwa, ili alkoholi yake isikile kizibo. Ikishafunguliwa, fino irudishwe kwenye friji na kumalizwa ndani ya wiki moja. Amontilado hustahimili wiki mbili au tatu, na oloroso mwezi au zaidi.

Kuhusu chakula, watu wa Cádiz hunywa fino na samaki wa kukaanga, zeituni na lozi. Samaki wa kukaanga hatukosi, na korosho au makadamia zilizokaangwa kwa chumvi kidogo zinafaa vilevile. Amontilado ya kale inapatana na uyoga na supu, nayo oloroso na nyama iliyopikwa taratibu.

Ikumbukwe pia kwamba fino ina alkoholi ya takriban mara tatu ya bia ya kawaida, na oloroso kongwe hupita asilimia 20. Mchovya asali hachovyi mara moja, lakini huyu mchovyaji asiguse usukani wa gari. Mama mjamzito na mtu anayetumia dawa wajiepushe kabisa.

Hivyo basi, ile chupa ya kabatini usiimwage bila kuionja, wala usiisubirie miaka mingine kumi kwa matumaini matupu. Ikiwa ni fino ya kawaida iliyochujwa, ilikuwa ya kunywewa zamani, na kila mwaka unaopita unaipunguza. Ikiwa ni amontilado au oloroso kavu, na kizibo chake ni kizima, unaweza kuipa nafasi. Ikiwa ililetwa siku ya harusi yenu, yafaa ifunguliwe wakati wale waliokuwapo siku hiyo bado wako mezani. Mvinyo waweza kungoja, lakini si wote tunaoketi nao watatungoja.

Na zawadi nyingine ikija Krismasi ijayo, chukua kalamu, andika tarehe kwenye kipande cha karatasi na ukibandike nyuma ya chupa kabla hujaiweka kabatini. Atakayeifungua, awe ni wewe au mwanao akiwa mtu mzima, ataanza kuonja akijua mvinyo huo umengoja kwa muda gani.